Kishada cha Mama Nyuzi

Hebu mwone Mama Nyuzi anavyokuja. Au tuseme msikie kwanza, maana kwa wafanyabiashara wa mtaa ule mtu husikika kabla hajaonekana. Che, che, che, kutoka kona ya duka la viatu. Funguo kumi na nne zinagongana kiunoni, naye anatembea akitupa nyonga ya kulia kidogo, ili hata ule wa shaba ulioko mwisho wa kishada upate zamu yake. Nyuma yake yuko kaka yake, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni, na binti yake, fundi cherehani, anayeangalia chini kama aliyedondosha sindano.

Kwa watu hawa ufunguo ndio cheo. Una duka moja, ufunguo mmoja. Una stoo tano, tano kiunoni. Hakuna anayekuuliza una nini. Ukibisha hodi wenyeji wanakaa kimya kwanza, wanakupima kwa sikio, ndipo wanaamua utakaa wapi. Funguo tatu kushuka chini, kigoda cha mlangoni, pale watoto wanapokukanyaga wakipita. Zikifika kumi, kiti chenye mto. Zikizidi kumi na mbili, kiti chenye mikono, na chai yako inaletwa na kisahani. Wapo waliokunywa chai bila kisahani maisha yao yote, wakazikwa hivyo hivyo.

Na kwenye posa ndiyo usiseme. Upande mmoja ukiuzidi mwingine kwa zaidi ya funguo kumi, mazungumzo yanaishia kwenye hali ya hewa, watu wanaagana.

Sasa mimi na wewe tuambiane ukweli. Mama Nyuzi ana duka moja, ukinyoosha mikono unagusa rafu zote mbili. Funguo zake za haki ni mbili tu, wa duka na wa nyumba. Zile kumi na mbili nyingine alizichagua kwenye kopo la biskuti la muuza vyuma chakavu, mmoja mmoja, akiutikisa sikioni kama mtu anayechagua yai. Si kwamba anapenda makuu. Kigoda cha mlangoni alishakizoea. Ila kijana wa Mama Vioo alikuja dukani kununua zipu, kesho yake akarudi kununua nyingine, na kufikia wiki ya tatu alikuwa na zipu za kutosha kuvalisha shule nzima, zote anataka zishonwe na binti. Naye binti, ambaye kwa wateja wengine alikuwa anashona huku akipiga miayo, kwa huyu alianza kupima mara mbili.

Na Mama Vioo, muuza vioo, mama wa kijana, ana funguo ishirini na mbili. Piga hesabu mwenyewe.

"Mama," binti alinong'ona mlangoni kwa Mama Vioo, "wakiuliza zinafungua nini?"

"Nani aulize? Hao ni watu wenye adabu zao. Inua kichwa."

Hodi ikapigwa. Ndani kimya. Mama Nyuzi akajitingisha kidogo, kama anayefukuza nzi.

"Karibuni, karibuni!"

Akapewa kiti chenye mikono. Hakuwahi kukalia kiti kile. Viwiko vyake havikujua viende wapi, akaviweka juu ya mikono ya kiti kama mtu anayepimwa presha.

Mama Vioo alipoinuka ilikuwa kama droo ya vijiko imeanguka sakafuni. "Mkwe," akasema, "leo hamnywi kwenye vikombe vya kila siku." Akaliendea kabati la ukutani, lenye milango ya kioo, vikombe vya ukingo wa dhahabu vimejipanga ndani vinawatazama wageni.

Akatia ufunguo. Haukuzunguka. Akatia wa pili. Wa tano. Wa kumi na moja ulikwama, akauchomoa kwa nguvu hadi vikombe vikatetemeka. Birika likaanza kupoa. Kijana akakohoa. Kufikia wa ishirini na mbili, jasho lilikuwa limemfika Mama Vioo shingoni.

"Hili kabati!" akasema. "Siku ya wageni ndiyo linaleta visa."

Hapo ndipo kaka yake Mama Nyuzi alipofungua kinywa. "Dada, hebu na wewe jaribu zako. Funguo zote hizo, umekuja nazo za nini?"

Mama Nyuzi alimtazama kaka yake jicho ambalo, kama lingekuwa sindano, lingemshona mdomo. Lakini ataanzaje kukataa? Akainuka. Akachukua wa kwanza uliokuja mkononi, mweusi, mzito, alioununua mwisho kwa ajili ya kujazia tu kwa sababu hata kulia haulii.

Klik. Mlango ukafunguka.

Kaka mtu alipiga makofi, halafu mikono ikabaki hewani. "Kumbe!" akasema. "Sasa dada, ufunguo wa kabati la watu umeupata wapi?"

Mama Nyuzi akaliona jambo lote kwa mara moja. Akinyamaza, ni mwizi. Akisema kauokota kwenye kopo la biskuti, si mwizi, ila ni mtu wa funguo mbili aliyekalia kiti cha watu, na posa imekwisha. Akamwangalia binti yake, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa kweli. Bora mwongo kuliko mama wa bibi harusi anayesemwa mwizi. Akashika kishada.

"Jamani," akaanza, "mimi hizi funguo nili..."

"Nilimpa mimi, nikasahau," Mama Vioo akadakia. "Mkwe wangu huyu. Nisimpe ufunguo nimpe nani? Njoo jikoni, mkwe, tuoshe vikombe."

Vikombe vilikuwa safi. Jikoni Mama Vioo aliegemeza mgongo mlangoni.

"Niambie kweli. Wapi?"

"Kwa yule wa vyuma chakavu."

"Mwenye kopo la biskuti?"

"Huyo huyo."

Mama Vioo akakaa juu ya gunia la mkaa, na gauni lake jipya. "Nilimpelekea mwenyewe. Nilibadilisha na hizi mbili zinazong'aa. Ule ulikuwa haulii, mkwe! Nikasema kitu kimya namna hii kitakuwa cha nini?"

"Za kweli unazo ngapi?"

"Tano. Sasa nne. Wewe?"

"Mbili." Akautazama ule mweusi. "Na huu."

Walicheka wakishikana, na funguo zao zikalia pamoja kiasi kwamba sebuleni walisema, sikia utajiri huo.

Ufunguo mweusi hauwezi kurudi kwa mwenyewe, kwa kuwa umeshatangazwa zawadi, hivyo tangu siku ile vikombe vya Mama Vioo havinywewi mpaka Mama Nyuzi aitwe. Wanaitana kila baada ya siku mbili. Posa ilipita, na harusi iko njiani.

Limebaki jambo moja. Kwa watu hawa bibi harusi huvishwa ufunguo wake wa kwanza na mama hao wawili, mbele ya watu wote, na kwa huo atabisha hodi miaka yake ya mwanzo. Mezani wameweka funguo mbili. Mmoja ni ule mweusi, unaofungua kabati la vikombe, lakini ukiutikisa unasikika kama kijiti. Wa pili ni ule wa shaba, unalia hadi mtaa wa pili na haufungui kitu duniani. Mama Nyuzi anaunyanyua huu, anauweka. Mama Vioo anaunyanyua ule, anauweka. Binti wamemuuliza, akasema yeye funguo humkwaruzia vitambaa, wakamfukuza chumbani.

Haya, wewe uliyewasikia wote wawili kule jikoni: ungemvisha upi?