Kompyuta za Masista Zilipokubali Windows 98

Kompyuta zetu zilikuwa nne, nzito kuliko magunia, na wenyewe wa ng'ambo walizitoa sadaka baada ya kuzichoka. Masista walizipokea kwa sala. Mimi, mwalimu wa uhazili katika chuo chao kidogo pale Mpanda mjini, nilizipokea kwa kitambaa cha maji ya sabuni, maana zilikuja na vumbi lote la reli kutoka Tabora. Zilikuwa na mfumo wa zamani, ule wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi kabla ya kufanya lolote. Tuliuzoea, na maisha yalikwenda.

Mwaka wa tisini na tisa ikaja habari kwamba mtihani wa kuchapa sasa utafanyika kwenye kompyuta zenye Windows 98. Chuo kisichokuwa nayo, wanafunzi wake wataufanyia Tabora. Wasichana wangu walishangilia, kwani kwao Tabora ilikuwa matembezi. Mmoja tu hakushangilia. Alikuwa binti wa Katumba, mzaliwa wa makazi ya wakimbizi. Wazazi wake ndio waliokimbia Burundi, yeye huko hajawahi kufika. Alikuwa na kibali cha kutoka makazini kusoma Mpanda, na kibali hicho kiliishia Mpanda. Aliomba cha Tabora, akaambiwa asubiri, na mtihani haukuwa na mpango wa kumsubiri.

“Mwalimu, nyie nendeni tu,” aliniambia huku akifunika taipureta yake. “Mimi nitarudi nyumbani kwenye tumbaku.”

Alisema bila chozi, na hilo ndilo lililonichoma. Darasa zima hakukuwa na wa kumfikia kwa kasi ya vidole. Nikapandwa na hasira, nikasema kwa sauti kwamba hakuna wa kwenda popote, mtihani utafanyika hapa hapa. Sista, mkuu wetu wa chuo, alikuwa amesimama mlangoni.

“Kwa kompyuta zipi, Mwalimu?”

“Hizi hizi, Sista.”

Masista wenzao wa Tabora walitutumia CD ya mfumo mpya. Niliiweka kwenye kompyuta ya kwanza, ambayo ndiyo peke yake iliyokuwa na sehemu ya kusomea CD, nikaandika setup kama maelekezo yalivyotaka. Sijakaa hata vizuri, ikanijibu kwa Kiingereza kwamba kompyuta hii haina uwezo unaotakiwa. Ilisema kwa adabu, lakini mimi niliisikia ikinifukuza.

Nilikwenda kumpigia simu mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa fundi kompyuta Dar es Salaam.

“Dada, hizo mashine zimepitwa,” akasema. “Wenye mfumo wao wenyewe hawazitambui.”

“Sikukupigia unihesabie umri wa mashine. Inawezekana au haiwezekani?”

Akacheka. “Inawezekana, ila zikikufia usinitafute. Huo mfumo unapima uwezo wa kompyuta kabla ya kuingia. Sasa uambie usipime. Andika setup, acha nafasi, weka mkwaju, halafu n na m. Umesikia?”

“Mkwaju, n, m.”

“Ehe. Ila angalia, huo mkwaju...” Simu ikakatika, na siku zilizofuata laini ya Dar ikawa haishikiki kabisa.

Sasa mkwaju ni ule mstari uliolala upande, kila karani anaujua. Lakini kibodi ya kompyuta ina mikwaju miwili, mmoja umeinamia kushoto na mwingine kulia, na mimi kwenye ile skrini nyeusi niliuzoea mmoja tu, ule wa kushoto unaokaa baada ya C na nukta mbili. Ndio nilioubonyeza. Ikagoma. Nikaandika kwa herufi kubwa, ikagoma. Nikabadilisha m na n, ikagoma. Nikaipiga kofi ubavuni, Mungu anisamehe, nayo ikagoma vilevile.

Sista hakunisema. Alianza tu kuandikisha majina ya watakaopanda treni, na la binti wa Katumba halikuwemo. Yule binti akawa ananikwepa macho kama vile yeye ndiye aliyenikosea. Nilikuwa silali vizuri, na chakula nakila basi tu.

Asubuhi moja nilikuwa nawasomea imla kwenye taipureta, barua ya kiserikali, wao wanachapa mimi nikitamka.

“Kumbukumbu namba. C, U, mkwaju, M, mkwaju, tano.”

Taipureta zote ziligonga kwa pamoja, nami nikabaki mdomo wazi. Mkwaju! Taipureta haina mikwaju miwili. Ina mmoja tu, ule unaokaa pamoja na alama ya kuuliza, na umeinamia kulia. Na huyo mdogo wangu, kabla ya kuwa fundi wa mtu yeyote, kuchapa nilimfundisha mimi. Neno mkwaju alilitoa kinywani mwangu!

“Mwalimu, tano halafu?” akauliza mmoja.

“Halafu subirini!”

Hawakusubiri. Tulifika chumba cha kompyuta wote kwa mkupuo. Nikaandika upya, safari hii na mkwaju wa kulia. Kimya. Kisha ikasikika diski inasaga kwa ndani, na skrini ikageuka bluu ikianza kunikaribisha. Nilipiga yowe, Sista akaja mbio akidhani kuna nyoka.

Alipoelewa, aliagiza jenereta isizimwe mpaka niseme mimi. Ilichukua muda wa kuinjika maharage na kuyala, lakini Windows 98 ikaingia. Nikafungua skrubu, nikaichomoa ile sehemu ya CD na kuihamishia kompyuta ya pili, halafu ya tatu, iliyolalamika haina nafasi hadi nikafuta michezo yote ya wenyewe wa ng'ambo. Ya nne ilikubali bila neno. Jioni hiyo nilipita sokoni Kashaulili kifua mbele, nikamsimulia muuza nyanya habari ambayo hakuiuliza.

Mkaguzi wa mtihani alipofika, alizitazama kompyuta kwa nje, akatazama skrini, akarudi kutazama kwa nje.

“Hizi zimekubalije?”

“Zimeombwa vizuri,” nikamjibu.

Akakagua moja baada ya nyingine, akakubali mtihani ufanyike Mpanda. Binti wa Katumba nilimwambia mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja kuifunua taipureta yake akaanza mazoezi.

Siku ya mtihani walimu hatukuruhusiwa ndani, nikasimama dirishani na Sista. Kompyuta zilikuwa nzito kufikiri, siwezi kuficha. Wengine walichapa neno wakangoja lionekane. Yeye hakungoja. Alichapa bila kuyaondoa macho kwenye karatasi, akafika mwisho kabla ya wote, akaweka mikono mapajani. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikuona aibu. Yeye alikuwa ameshamaliza, na kompyuta bado ilikuwa inamwandikia maneno yake, herufi baada ya herufi, ikijitahidi kumfikia.