Theluji Iliyochacha Katika Kipimo cha Sumari

Saa moja kamili asubuhi, na Mlima Meru haupo. Ukungu umeufunika wiki ya pili sasa, umeshuka hadi kwenye ukuta wa boma la Arusha na kummeza askari wa zamu mpaka kiunoni. Nyuma ya boma, mwanamume mwembamba mwenye blanketi juu ya koti amepiga magoti mbele ya kopo la shaba.

"Sisali," anasema Sumari, akipenga kamasi. "Nasoma kipimo. Ila jua likichelewa leo, nitaanza kusali."

Ana sababu. Kwenye mlango wa boma limebandikwa tangazo: Jumamosi jua litatoka. Leo ni Jumamosi. Lisipotoka, jioni Sumari anaacha daftari na kwenda kuvunja mawe ya barabara.

Sumari, Mmeru aliyekulia kwenye migomba ya Akheri, ndiye mpima hali ya hewa wa boma. Saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku husoma vipimo na kuandika. Amefanya hivyo miaka minne, kwa rupia saba kwa mwezi, bila kukosa hata siku aliyozaliwa binti yake, Anyesi. "Nilisikia mtoto analia, nikaangalia jua, nikakimbia kazini. Mama yake hajanisamehe hadi leo."

Kipimajoto hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, juu ya miguu minne. Watu wa Terrat wanaokuja sokoni wanaamini ni mzinga. "Kila wiki naulizwa asali inavunwa lini. Nimechoka kueleza. Siku hizi nawajibu tu kwamba nyuki hawajarudi."

Leo kinaonyesha digrii tisa. Mkubwa wake, Bwana Kessel, hataki kusikia. Kwa kalenda ya kwao Ulaya, huu ni mwisho wa msimu wa joto. "Nilimwambia, Bwana, hapa tunatetemeka. Akatazama kalenda, akatazama mlima, akasema mlima umekosea. Na miguuni amevaa soksi mbili mbili."

Mambo yaliharibika Jumanne. Mvua haikunyesha, lakini ndani ya kopo Sumari alikuta maji meupe, milimita nne.

Bwana Kessel alikuwa amemfundisha kwamba theluji ni nyeupe, na ikiingia kwenye kipimo huyeyuka. Sumari ameiona theluji kwa mbali tu, juu ya Kibo, siku mbingu zikiwa safi. Pua yake ilikuwa imezibwa na mafua kwa siku tatu. "Nikajiambia, basi imetufikia." Akaandika: Theluji.

Bwana Kessel, naye akiwa na mafua, alilipokea daftari kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Maji yale akayatia kwenye chupa, akaziba kwa kizibo na nta, ipelekwe Dar es Salaam na mchukuzi wa Jumamosi. Kabla ya adhuhuri tangazo likatoka: baridi itazidi, theluji inatazamiwa.

Kufikia saa kumi, duka la Mhindi lilikuwa limeishiwa mablanketi. Mlowezi mmoja wa njia ya Momela aliivalisha miche yake ya kahawa magunia. Ile midogo mkewe akaivalisha soksi.

Jioni ile Ndeshi, mke wa Sumari, alikuwa akimnyonyesha Anyesi karibu na moto. Akavuta mkono wa koti la mumewe, akanusa.

"Baba Anyesi, huko boma siku hizi mnakunywa mtindi?"

"Hiyo ni theluji, mama."

"Theluji gani ina siagi?"

Sumari anasema aliweka chakula chini. "Chupa ikifunguliwa Dar es Salaam, daftari lina mwandiko wangu. Aliyekuwa kabla yangu alikosea tarakimu moja tu. Ukipita barabara ya Moshi utamwona, bado anavunja mawe."

Alhamisi akadamka mapema, akajificha nyuma ya ule mzinga usio na nyuki. Ndani ya ukungu akatokea bibi wa Kiarusha, Nkasiogi, mwenye kibuyu mkono mmoja na majani mabichi mkono wa pili, vitu ambavyo Waarusha hubarikia. Bibi akalitemea kopo mate kidogo ya baraka, kisha akamimina maziwa taratibu.

"Takwenya, kokoo!" Sumari akamwamkia kwa Kimasai, akimwita bibi.

"Iko," akaitikia bibi, hata hakushtuka. "Umewahi leo. Juzi mimi nilitangulia."

"Kokoo, unakifanya nini kipimo cha serikali?"

"Nakilisha. Si ndicho kinachomeza mvua? Miaka minne kinameza, hakuna anayekipa chochote. Sasa kimenuna, kimeficha jua. Mjukuu wangu ana siku nane, hajaliona. Vidole vyake vya baridi kama chura."

"Maziwa yako yameandikwa theluji!"

"Theluji ni nini?"

Sumari akafikiri. "Ni kama maziwa, ila haina ng'ombe."

"Basi ni uongo," akasema Nkasiogi, akamalizia kumimina.

Asubuhi hiyohiyo Sumari akampeleka kwa Bwana Kessel, akatafsiri yote. Bwana akaizibua ile chupa. Mafua yake hayakumsaidia. Askari wa mlangoni akaomba ruhusa ya kutoka, akasikika anacheka hadi kwenye zizi la farasi.

Bwana akatazama kiboko ukutani. Lakini walowezi wote walikuwa wameshatangaziwa theluji, na kumwadhibu mpimaji kungemlazimu kueleza habari za kibuyu. Akauliza kwa sauti ndogo: jua litatoka lini?

"Hajawahi kuniuliza," anasema Sumari. "Nikamjibu, Jumamosi." Bwana akaandika tangazo jipya: theluji imeyeyuka, Jumamosi jua. Kisha akamwonyesha Sumari dirisha linalotazama barabarani, kwa wavunja mawe.

Jibu lile halikuwa la kubahatisha. Katika daftari la miaka minne Sumari ameona kwamba upepo wa asubuhi ukigeuka na kutoka upande wa Momela, ukungu haumalizi siku tatu. Uligeuka Alhamisi ileile.

Saa nne inagonga. Ukungu uko palepale. Bwana Kessel ametoka mara mbili kutazama juu, na mara mbili amerudi ndani bila kumsalimu mtu. Nkasiogi amekaa nje ya uzio wa miiba ambao Sumari aliamriwa kuujenga, mjukuu kifuani. Kando yake kuna debe tupu la mafuta ya taa ambalo Sumari amemwekea amimine maziwa humo. "Kumkataza sikuweza. Mtoto ana siku kumi."

Saa nne na nusu bega la mlima linaonekana. Kisha kilele. Kisha kila mtu ana kivuli.

"Kalenda haikukosea!" Bwana Kessel anapaza sauti dirishani.

"Kimeshiba," anasema Nkasiogi, akifunua nyayo za mtoto ziote jua.

Sumari anakaa chini. "Miaka minne naandika jana tu," anasema. "Jana mvua kiasi hiki, jana baridi kiasi hiki. Nataka niandike kesho, nisome sokoni kwa Kimeru na Kimasai, mtu ajue lini amtoe mtoto nje." Ameshashona daftari lake mwenyewe kwa karatasi za kufungia sukari.

"Kesho imeandikwaje?" anauliza bibi.

Sumari analamba penseli. "Ukungu kidogo. Jua saa tatu."

"Na maziwa?"

Anamtazama mtoto, ambaye anapiga chafya kwa mwanga. Anaongeza mstari mmoja, akiusoma kwa sauti: "Na maziwa. Nje ya uzio."