Kondoo Aliyeombewa kwa Bahati Mbaya

Kabichi inayoimbwa redioni ni yangu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa mkoa wetu mzima wa Naryn wanaucheza ule wimbo harusini, wanaruka na kupiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole.

Mtunzi ni jirani yangu Burulkan, mkamwana wa Mzee Kydyraaly na mpishi wa shule yetu. Ni mwanamke wa mikono minene na sauti nyembamba, mwenye kicheko cha mtu aliyepaliwa. Mwaka mmoja kondoo wao alizaa akafa, naye akakichukua kile kitoto akakilea kwa chupa nyuma ya jiko. Akakiita Toktosun, yaani abaki, jina tunalowapa watoto tunaoogopa watatutoka. Kilibaki, tena kikabaki kupita kiasi. Kikawa dume zito, linaingia ndani bila hodi na kulala juu ya zulia la baba mkwe.

"Mama Toktosun," nilimwambia siku alipoila kabichi yangu, "mwanao kanimalizia bustani."

"Nisamehe, dada yangu. Nimemkanya, hasikii."

"Mkanye kwa kisu!"

Jioni akachukua kodiani yake, akakaa kizingitini, akaimba kwa sauti ili nimsikie:

*Rudi, Toktosun, kabichi ya jirani si yako,*
*utamu uonje wewe, matusi ale mama yako.*

Nilijaribu kuendelea kununa, nikashindwa. Aliuimba kwenye harusi ya mwalimu, mtu akaurekodi kwa simu, na kabla mwezi haujaisha ukawa unapigwa sokoni. Ndipo akapiga simu kijana mmoja, Ermek, mpiga picha za video za nyimbo kutoka mji mkuu, Bishkek. Alitaka kuja kumpiga picha Burulkan pamoja na kondoo wake, wimbo uonyeshwe kwenye televisheni. Burulkan alimwosha Toktosun mara tatu kwa sabuni yake mwenyewe ya nywele, akamfunga utepe mwekundu shingoni.

Sasa mgeni ni mgeni, na kwetu hakaribishwi kwa chai tupu. Kondoo huletwa mlangoni, mzee hufungua viganja, wote tunafungua, dua inasemwa, tunaitikia amina na kupangusa nyuso. Baada ya hapo ni kisu tu. Kondoo aliyeombewa akaachwa hai, nyumba hiyo imejitakia balaa.

Mzee Kydyraaly alikwenda zizini kumleta kondoo jike mweusi. Sisi tulikuwa ndani na mgeni, na kwenye nafasi ya heshima, mbali na mlango, ameketi Mzee Asankan, mkongwe wa kijiji, mwenye miaka tisini na moja na macho ya ukungu. Toktosun akanusa mkate. Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, mweupe, mnene, na utepe wake. Mzee Asankan akaona kondoo mlangoni, akafungua viganja.

Nasi tukafungua. Mikono yetu haiulizi. Hata Ermek alifungua, na Burulkan aliyekuwa akiingia na bakuli la siagi akaliweka chini, akafungua vyake. Dua ilikuwa nzuri, ndefu. Tukaitikia amina, tukapangusa nyuso, na nilipotoa mikono usoni nikamwona Burulkan amesimama vilevile, viganja wazi, midomo imekuwa myeupe.

Mzee Kydyraaly akatokea na yule mweusi. Tukamweleza. Akamwambia Burulkan, "Dua imeshasemwa, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Ila mimi sijapangusa."

"Pangusa basi."

"Sipangusi, baba. Unisamehe."

"Unakataa dua ya wazee?"

"Siikatai. Naishikilia tu."

Tukamgeukia Mzee Asankan atoe hukumu. Akakuna kidevu. "Huyu hajamaliza," akasema. "Asipomaliza yeye, hatujamaliza sote. Tusubiri."

Tulisubiri! Maji yalichemka yakakauka, tukaweka mengine. Ermek tumbo lilimnguruma mpaka akajikohoza kuficha. Mama mkwe akawa anamnywesha Burulkan chai kwa kumshikia bakuli mdomoni, huku akimsema, "Mkaidi we! Nilimwambia mwanangu aoe kwingine. Kunywa, itapoa." Toktosun, mwenye kesi yake, akaanza kumlamba viganja kwa sababu vilikuwa na chumvi ya jasho. Mimi niliyesema mkanye kwa kisu, niliona haya nikatazama zulia.

Mzee Kydyraaly alikuwa anamtazama kondoo akilamba.

"Nilipotoka jeshini nilikuwa na mwanafarasi," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Alikuwa ananifuata hadi chooni. Ikaja harusi ya dada yangu, dua ikasemwa, nami nikapangusa uso. Nyama yake niliila mbele ya wageni."

"Ilikuwa tamu?" akauliza Mzee Asankan.

"Ilikuwa tamu, baba. Ndicho ninachoshindwa kukisahau."

Mzee Kydyraaly akapiga magoti pale mlangoni, akafungua viganja vyake vikavu. "Huyu mwenye utepe azeeke," akasema. "Meno yamtoke. Afe usingizini. Kama kuna balaa, inijie mimi, nyumba ni yangu."

Tukaitikia amina kwa nguvu kuliko ya kwanza. Burulkan akapangusa uso, na uso ulikuwa umeshalowa kabla mikono haijafika.

Jioni tulimla yule jike mweusi, ambaye hakuna aliyewahi kumtungia wimbo. Mzee Kydyraaly aliikata nyama mwenyewe, akatugawia kila mtu fungu la heshima yake, mgeni kwanza. Kisha akasukuma sahani yake upande wangu, nyama haijaguswa, akaomba chai.