Kahawa ya Picha ya Muteba

Mtu akifungua kopo la kahawa karibu yangu, kabla sijaona kikombe wala maji ya moto, namwona marehemu baba yangu ameinamia beseni, miwani imemshuka puani. Wengine husema harufu ile inawaamsha. Mimi inanirudisha Kolwezi, mji wa migodi, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni kule Dilala, nikiwa na miaka kumi na siri moja ambayo ninayo hadi leo. Nawaambia ninyi kwa sababu wale niliopaswa kuwaambia wameshakwenda.

Baba alikuwa mpiga picha. Nusu ya mtaa walioana mbele ya kamera yake, na watoto wao walibatizwa mbele ya kamera hiyohiyo. Kwetu ukutani ilikuwepo picha moja tu, ya kaka yangu Muteba siku ya ubatizo, amefungwa shali mpaka kidevuni na macho ameyafumba. Kila filamu ilianza na wateja na kuisha na wateja. Baba alituahidi kwamba ikibaki nafasi moja itakuwa yetu, na haikubaki. Muteba alikuwa akimtania kwamba siku moja tutahamia kwa jirani, halafu tuje kubisha hodi kama wateja.

Kisha zikaja picha za rangi, na dawa za kusafishia filamu nyeusi na nyeupe zikaadimika mpaka zikakosekana kabisa. Baba akabaki na kamera yenye filamu moja ndani, ya siku nyingi, na wateja wachache mno. Muteba aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba, akaenda kuchimba mawe ya shaba na bakrezeri, ndivyo tulivyowaita wachimbaji wa mkono. Jumapili moja alitoka misani na shati jeupe ambalo Mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Baba akamwambia asimame mlangoni. Muteba akacheka, meno yote nje, na kamera ikalia mara moja.

Alhamisi iliyofuata shimo lilimwangukia. Wenzake walichimba mpaka Jumamosi, kwanza kwa majembe, halafu kwa mikono, wasimpate. Udongo ulikuwa ukizidi kuteremka.

Kwetu kilio kina utaratibu wake. Marehemu anawekwa mahali watu wamwone, na akishazikwa, picha yake inakaa kwenye kiti, imezungukwa na kitambaa cheupe na mshumaa, na kila anayeingia anaililia. Sisi hatukuwa na mwili. Kiti kilikuwa kitupu, na Mama alikaa chini akikitazama. Shangazi mmoja akaweka pale picha ya ubatizo. Mama akaitoa kwa mkono wake.

"Mi sitaki kulilia katoto kachanga," alisema. "Minataka kulilia mutoto wangu mwenye alikufa. Nalomba sura yake tu."

Simu za wakati ule zilikuwa za kuongea tu. Sura ya Muteba mkubwa ilikuwa mahali pamoja duniani, ndani ya ile kamera, gizani. Na wajomba zetu, kaka zake Mama, walikuwa njiani kutoka Sandoa kuja kumuuliza Baba mtoto wa dada yao amekufaje. Wangefika Jumatatu.

Baba alikumbuka jambo alilofundishwa na mpiga picha mmoja mzee wa Dilolo, enzi za vita, wakati treni haikuleta kitu. Kahawa ya unga ya kopo, vidonge vya vitamini C, na bikarbona ileile ya kulainishia sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikikaangwa kwanza kwenye sufuria kavu. Vikichanganywa, picha inatokea. Dawa ya kuishikiza isifutike alikuwa nayo bado kidogo, na karatasi chache. Kahawa aliipata Jumamosi, kopo moja, sijui kwa kuuza nini. Aliliweka juu ya kabati akaniita. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo aliniita mama tangu nizaliwe.

"Mama, hii si ya kunywa. Hii njo sura ya kaka yako. Uichunge."

Jumapili asubuhi alitoka kwenda kutafuta vidonge. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Kolwezi inaingia mpaka kwenye meno. Wakaja bakrezeri watano, wale waliokuwa wanachimba. Walikaa mbali, kwenye ukingo wa ua, kwa sababu mashangazi walikuwa wanasema kwa sauti kwamba hao ndio waliompeleka mtoto kaburini. Hakuna aliyewapa hata maji. Vumbi lilikuwa limewaganda usoni na kucha zao zilikuwa zimekatika. Nilipopita, mmoja akaniuliza, "We njo mudogo wa Muteba? Alikuwa anatuambia juu yako kila siku." Kisha akaficha mikono yake kwapani kwa baridi.

Nilijua kopo liko wapi. Nilijiambia vijiko viwili tu. Lakini sufuria ilikuwa kubwa na wanaume walikuwa watano, na maji yalibaki ya kuaibisha, nikaongeza, nikaongeza tena. Walikunywa yote. Yule aliyeniuliza alilia ndani ya kikombe chake.

Nilichungulia kopo. Nusu ilikuwa imekwenda, na zaidi. Nikamkumbuka bibi yetu wa Sandoa, ambaye kahawa ikimpungukia hukaanga mahindi mpaka yawe meusi, huyatwanga, huyachekecha, halafu huyachanganya humo, na wageni hunywa na kusifu. Nikafanya vivyo hivyo nyuma ya nyumba, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kwenye kilio kila mahali pana moshi, nani angeuliza? Rangi ilikuwa ileile. Harufu ilikaribia. Nakiri kwamba nilijisifu kidogo.

Jumatatu mchana Baba alijifungia kabatini na mablanketi, akaingiza filamu kwenye kopo lake jeusi lisilopitisha mwanga. Habari ikaja kwamba wajomba wameshaingia mjini. Akayeyusha bikarbona, akasaga vidonge, akamimina kahawa kwenye maji ya vuguvugu na kukoroga. Alikoroga sana. Akainama kutazama ndani ya beseni, kule chini, miwani ikamshuka puani, kisha akatazama kupitia mlango, kule Mama alikokaa mbele ya kiti.

"Mama, niletee kitambaa ya safi," aliniambia mimi.

Nikamletea leso. Akachuja. Nilidhani ni sehemu ya kazi. Kusuuza vitambaa vyake ilikuwa kazi yangu siku zote, lakini siku ile alikwenda mwenyewe kukikung'uta nyuma ya nyumba. Aliporudi alinusa yale maji na kusema, "Tutaiacha murefu." Akayamimina kwenye lile kopo jeusi, akanipa nilipindue kila dakika, muda mrefu kuliko kawaida. Nililipindua huku nikiomba Mungu ageuze mahindi kuwa kahawa. Katekisimu ilisema aliwahi kugeuza maji kuwa divai, na mimi niliona hili langu ni dogo.

Harufu ilijaa chumbani, ya soksi zilizolowa na kuungua. Picha ilipotoka kwenye karatasi, ilitoka shati. Shati jeupe, kola, vifungo vyote, na juu ya kola, meno ya Muteba yanacheka. Dawa ile dhaifu ilikuwa imetoa vyeupe tu; kilichobaki kilikuwa giza. Hapakuwa na paji, hapakuwa na pua, hapakuwa na macho.

Baba alimpelekea Mama ikiwa bado inachuruzika. Mama aliishika kwa mikono miwili.

"Shimisi hii niliipasi mi," alisema. "Njo yeye." Akaisogeza karibu na mshumaa, akaigeuza huku na huku. "Na macho yake iko wapi?"

Mjomba mkubwa, aliyekuwa ameingia na vumbi la safari, akaichukua na kuitazama.

"Fotografe gani anakosa kutoa foto ya mutoto wake mwenyewe?"

Baba alisimama. "Filme ilikuwa ya zamani, bashemeji. Na mikono yangu ilikosa. Ni mi."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilibaki hukohuko.

Baada ya hapo Baba hakushika kamera tena. Mtaani walisema huzuni imemvunja, wengine walisema alikuwa fundi wa uongo tangu zamani, na hayo yote alisemewa mpaka anazikwa. Mama alililia shati lile miaka yote aliyobaki nayo. Kila nikitaka kusema, nilijiambia Baba hajui, na kumwambia ni kumuumiza mara ya pili. Nilijificha humo nikakua.

Nyumbani kwetu kahawa haikuingia tena. Kikombe changu cha kwanza cha kahawa ya kopo nilipewa nikiwa mtu mzima, ofisini Lubumbashi, mwaka wa pili tangu tumzike Baba. Nilikoroga, kisha nikasubiri machicha yatulie chini. Nikamuuliza mwenzangu kichujio kiko wapi. Akanicheka. "Hii haina machicha, dada. Inayeyuka yote. Unachuja nini?"

Nikabaki na kijiko mkononi. Alichokichuja Baba kilikuwa mahindi yangu; alijua, basi. Alijua tangu alipokoroga, alijua ni nani aliyeachiwa kopo, na alikwenda kukung'uta leso mwenyewe ili nisione kwamba ameona. Halafu akasimama mbele ya wajomba akachukua kilichokuwa changu. Labda filamu kweli ilikuwa ya zamani, labda hata kahawa safi isingeyatoa yale macho. Nimejaribu mara nyingi kuliamini hilo, nimeshindwa. Na sijui kama alipata kujua kahawa yake walikunywa watu gani.

Nilikunywa kikombe kile chote, nimesimama, kikiwa bado kinaunguza. Nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Chini hapakuwa na kitu.