Damu Iliyonisemea Ukweni

Nilikisikia kicheko cha Shangazi Mwanaidi kabla sijamwona Shangazi Mwanaidi mwenyewe. Kilitoka nyuma ya pazia, kikavuka ukumbi, kikanikuta niko chini, kifudifudi, mbele ya wazee wa Magomeni, na khanga ya mama yangu imenifuata chini ya kanzu kama mkia. Aibu ile, jamani, sijaivua mpaka leo. Nimeizoea tu, kama mtu anavyozoea kovu (na kovu lenyewe ninalo, nitawaonyesha mkinibembeleza).

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo. Niliamka kwetu Temeke na maumivu kitovuni, nikadhani ni maharage ya jana, lakini jua lilivyopanda na maumivu nayo yakahama, yakashuka kulia chini, yakakaa pale kama mpangaji asiyetaka kutoka. Na siku hiyo ndiyo niliyoalikwa chakula kwa kina Zuhura, binti niliyemposa, wazee wao wanitazame kabla ya kuikubali posa. Ningesema naumwa, yangeisha. Lakini mwanamume akiumwa chini ya kitovu, kwetu hakuna swali la pili: ngiri! Na mwenye ngiri (wanasema, mie simjui aliyehakikisha) si mume kamili, na asiye mume kamili hapewi binti wa watu. Basi nikachukua khanga ya mama, nikaizungusha tumboni, nikaikaza mpaka pumzi ikawa fupi, nikavaa kanzu juu, nikajifukiza udi, nikaondoka na rafiki yangu Hamisi nikitembea wima kama askari wa gwaride la Mwingereza.

Pilau likaletwa. Nani anakataa chakula ukweni? Ni sawa na kumtukana mama mkwe usoni. Nikameza tonge, likashuka, likagota, likaanza safari ya kurudi. Nikainuka nikimbilie uani, fundo likafunguka, khanga ikateremka, nikaikanyaga, nikaanguka puu, na kila nilichokula nikakirudisha juu ya mkeka mpya, mbele ya kofia zote zile za wazee.

Kisha kile kicheko, na pazia likafunguka, akatokea dada yake baba Zuhura.

"Mwanamume kajifunga khanga! Hiyo ngiri hiyo! Nyie mlitaka kumtupa mtoto wetu shimoni?"

"Shikamoo, shangazi," nikasema kutoka pale chini.

"Marahaba, mgonjwa."

Hamisi akaazima mkokoteni, akanilaza juu yake, safari ya hospitali mjini ikaanza, mchana kweupe, tukikatisha Kariakoo watu wamejaa. Nyuma yetu buibui la Shangazi lilipepea, maana baba Zuhura alimwambia mbele yangu: "Nenda ukasikie kwa masikio yako. Ikiwa ngiri, posa yao irudi leo leo."

"Umebeba nini, mwenzangu?" muuza madafu akauliza.

"Bwana arusi," akajibu Hamisi, na soko zima likacheka.

Hospitalini alikuwapo daktari kijana, mtu wa Bukoba. Akanibonyeza kulia taratibu, kisha akauachia mkono ghafla, nikaruka kama samaki kikaangoni. Akatafuta na ngiri.

"Ngiri sijaiona hapa, mama."

"Vidole vyako vina macho?" akauliza Shangazi.

"Basi na damu tuiulize." Akatoa sindano.

Mie, karani, msomaji wa magazeti, niliyekuwa nikiwacheka wanaoamini hadithi za watu kunyonywa damu na kuuzwa, nikaiona ile sindano, na elimu yote ikatoka mbio kunitangulia.

"Mumiani!" nikapiga ukelele. "Hamisi, wananiua!"

Wodi ikavurugika. Mgonjwa mmoja mwenye plasta mguuni alishaanza kushuka kitandani akimbie. Shangazi akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nyamaza! Umetapika ukweni, sasa unaogopa sindano? Mtoe damu, daktari, mie nimemshika."

Damu ikaenda kwenye hadubini. Nililala nikiitazama picha ya Malkia ukutani na kuwaza: mambo yangu na Zuhura yote sasa yamo ndani ya tone lile jekundu.

Daktari akarudi. "Chembe nyeupe zimeongezeka mno. Hizi ni askari wa mwili, mama, zikijaa hivi kuna vita. Damu peke yake hainiambii vita viko wapi. Lakini nikiunganisha na homa, na maumivu yalivyohama, na alivyoruka nilipombonyeza, ni kidole tumbo. Kimevimba, nakitoa leo."

"Kwa hiyo si ngiri?"

"Si ngiri."

"Na… mambo mengine ya kiume?"

Daktari akakohoa. "Salama salimini."

Wallahi, wengine huingia chumba cha kisu wakilia. Mie niliingia nikitabasamu kama mfalme anayekwenda kutawazwa, maana damu yangu ilikuwa imesimama mbele ya mkubwa wa mashahidi, ikanisemea.

Na niliapa, nilipozinduka, kwamba maumivu sitayafunga khanga tena. Tumbo likisema, nitalisikiliza, hata niwe mbele ya sahani ya mama mkwe.

Siku nilipoanza kukaa kitako, Shangazi alikuja wodini na uji wa pilipili manga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana arusi." Akanilisha kijiko kwa kijiko. "Magomeni nzima nimeshawaambia. Hata wasioniuliza. Muuza madafu naye nilimsimamisha, nikamwambia: damu ya mkwe wetu imepimwa, ya kwako je?"

Nikataka kucheka, mshono ukanikataza.

"Na ile khanga ya mama?"

"Isahau. Zuhura kaifua, kaikunja, anasema ni yake sasa."

Akachukua bakuli lake, akatengeneza buibui, akatoka. Kicheko kilianza kabla hajafika ukumbini, kile kile, na mara hii nilikingoja kama mtu anavyongoja tarumbeta. Mlango ukajifunga nyuma yake.