Gari la Mkaratusi

Watoto wa siku hizi wakitaka gari la mashindano wanabonyeza simu. Sisi tuliokulia Soweto ya Mbeya, enzi za masweta ya shule yaliyotoboka viwiko, tulianzia kwenye gogo. Mkaratusi ulikatwa nyuma ya nyumba yetu, na kabla mama hajaugeuza kuni, mimi na kaka yangu Gwamaka tukawa tumeshakata magurudumu manne kwa msumeno wa baba. Msumeno wenyewe butu! Likizo ya Juni karibu yote iliishia hapo, mmoja anavuta huku, mwingine kule, viganja vimejaa malengelenge. Hatukulalamika, maana tungemlalamikia nani?

Gwamaka alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kuchora. Alilichora gari lile chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena mpaka akaridhika. Ekseli ya mbele tuliifunga kwa bolti moja ili igeuke, na kamba ya katani ikawa usukani. Fundi mmoja wa gereji alitupa vipande vya tairi kuukuu, tukavipigilia juu ya ekseli ili mawe yasituvunje migongo. Kiti kilikuwa kiroba tulichojaza maganda ya mahindi. Breki niliitengeneza mimi: mti wenye kipande cha tairi, unaukanyaga, unabana gurudumu la nyuma. Niliijaribu siku tatu na sikumruhusu mtu aiguse.

Mwisho wa likizo, watoto wa mtaa wa juu na sisi wa mtaa wa chini tulishindana kwenye njia ya ng'ombe iliyoteremka mpaka kijitoni. Njia ile ilikuwa mawe, mizizi na korongo moja baya katikati. Na mimi nilitaka kuendesha, jamani, nilitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Lakini wasichana hawakuendesha. Walisukuma, kisha wakakimbia nyuma wakishangilia. Nilipomwambia Gwamaka, alisema tutachekwa mtaa mzima. Mama naye, akimenya viazi, akasema lake: "Ukivunjika mguu, usije kunikimbilia hapa."

Jioni ya kuamkia mashindano grisi ikatuishia. Tukachota mafuta ya kupikia ya mama, tukapaka ekseli zote kwa ukarimu mkubwa, tukaliacha gari uani. Mtu wa Mbeya ameshajua kilichotokea. Asubuhi ukungu umeshuka, baridi inauma masikio, na mafuta yameganda kama mshumaa. Magurudumu hayaendi mbele wala nyuma. Tuliyamwagia maji ya moto aliyochemshiwa baba ya kuoga, na baba akaoga ya baridi. Alivyofoka bafuni, nadhani hata ng'ambo ya mto walimsikia.

Tukafika kileleni tumechelewa. Gwamaka akakaa kwenye kiroba, akashika kamba, akatazama mteremko. Akatazama tena. Halafu akanyanyuka taratibu ameshika tumbo, akasema linamkata, hawezi, akanigeukia mimi. "Tuse, kaa wewe."

Wavulana wa mtaa wa juu wakaguna. Wakasema hawashindani na msichana. Gwamaka, amejikunja vilevile, akawajibu kwamba gari ni letu, na kama wanamwogopa mtoto wa kike, waseme tu tujue. Hapo wakasogeza gari lao kando ya letu.

Nikashuka. Siwezi kuwaeleza raha ile. Upepo uliniingia mpaka kwenye meno, kiroba kikapasuka, maganda yakawa yanaruka nyuma yangu. Mvulana wa mtaa wa juu niliyeshindana naye aliniacha mbali kwa sababu gari lake lilikuwa na beringi za chuma. Kwenye korongo nikakanyaga breki. Yeye hakuwa na breki. Nilipompita alikuwa ndani ya tope, miguu juu, gari lake limemlalia. Nikaingia kijitoni na nguo zote, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mimi nikaitwa dereva. Kaka yangu wakamwita Tumbo, na jina hilo halikumtoka mpaka alipomaliza darasa la saba. Niliona wazi kwamba aliogopa ule mteremko. Nilimhurumia, na nikaapa moyoni kwamba sitamwaibisha. Hata tulipogombana, hilo sikumrushia kamwe.

Sasa Gwamaka anaishi Iringa, na mwanawe anaunda gari la mashindano la kweli kwenye gereji moja pale Ipogolo. Amekunja mabomba mwenyewe, amechomelea, ameweka injini ya gari bovu na springi ndefu za kurukia mashimo. Kila kitu amejifunza kwenye video. Nilipomtembelea mwezi uliopita nilimuuliza kama magurudumu amekata mwenyewe. Akacheka, akasema, "Shangazi, yananunuliwa." Nikamwambia ndiyo maana hana malengelenge.

Tulikaa na Gwamaka kwenye benchi, tunamtazama kijana akifunga mikanda ya kiti. Sijui kilichonisukuma, nikamwambia kaka yangu kwa sauti ya chini kwamba siku ile nilijua aliogopa, na sijawahi kumwambia mtu.



"Nilikuwa nimeushuka ule mteremko mara mbili wiki ile, nikijaribu gari," alisema. "Ningesema nakuachia, wangekukatalia. Mgonjwa hawakuwa na la kumfanya."

Nililia pale pale, mbele ya mafundi, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Vijana wetu wana mabomba, helmeti, mikanda na video, na siwaonei wivu hata kidogo, waendeshe wafurahi. Lakini gari la kijana yule lina kiti kimoja, na tulipoondoka niliwaona yeye na wenzake wanalizunguka, kila mmoja anaeleza kwa nini lazima aanze yeye.