Dalia ya Kaburini

Kwetu karibu na Kimilili kuku hawaachi kitu. Walimaliza waridi za mama, wakachakura kila alichopanda mlangoni, na ng'ombe wa jirani akaja kufagia mabaki. Mahali pekee bomani palipozungushiwa waya ni kaburi la baba, kwa hiyo mama alipanda dalia zake hapo. Zilistawi kwa namna ya kukera, maua mekundu mapana kama sahani. Baba alipokuwa hai aliita maua ya mama takataka. Kuyalisha akiwa chini ya udongo ni jambo la kwanza la maana alilowahi kumfanyia.

Mwaka huu mama aliing'oa dalia moja na mizizi yake, ile minene kama viazi vitamu, akaitia pamoja na udongo wake kwenye mkebe wa rangi aliouosha, tukaipeleka kwenye maonyesho ya maua Kitale. Alitaka jina lake liitwe kwenye spika. Hakutaka kingine. Tangu aolewe amesikia wakwe wakisema kwamba mwanamke anayepanda kisicholiwa ni mvivu, na alikuwa ameamini kwamba jina lake likisikika mara moja mbele ya umati, wangenyamaza. Nilimwambia hakuna spika iliyowahi kunyamazisha mkwe. Akaniambia nibebe mkebe.

Shangazi, dada ya baba, alitusubiri langoni. Anafanya kazi katika ofisi ya serikali Bungoma, na kila anapojumuika nasi huja kama mkaguzi.

"Mulamwa," alimwita mama, jinsi mawifi wa kwetu wanavyoitana, "umeacha mahindi kwa magugu ukaleta majani?"

"Mahindi nilishapalilia. Karibu utembee na sisi."

Kwa nini alimkaribisha? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani alitaka awepo jina likiitwa.

Ndani ya hema meza zilijaa vyungu vya vikundi vya akina mama, vingi vikiwa vimenunuliwa tayari vimechanua. Kimoja kilikuwa bado na kibandiko cha duka. Mwamuzi, kijana wa kilimo mwenye beji shingoni, alivipita haraka hadi alipofika kwa mama. Hapo akasimama. Akainama, akashika petali kwa vidole viwili.

"Mama, hii umeilisha nini?"

"Maji tu."

"Haiwezekani. Huu udongo umetoa wapi?"

Mama akapangusa ukingo wa mkebe kwa leso yake.

"Si umwambie," shangazi akasema. "Ama nimwambie mimi? Hiyo imemea juu ya ndugu yangu. Kaburini! Ati amemtoa huko amlete hapa atafutiwe zawadi."

Kijana aliachia petali polepole, akajifuta vidole kwenye suruali. Mwanamke wa meza ya pili alivuta vyungu vyake kando, kama mtu anayeondoa watoto karibu na mgonjwa.

"Ni kweli, mama?"

Mama ni shemasi. Hajui kudanganya, na sina hakika kama hilo ni jambo zuri.

"Ni kweli."

Mimi sikuweza kukaa kimya. "Shangazi, babu si amezikwa kule chini shambani? Trekta ililima juu yake kitambo. Mahindi ya kuchoma uliyokula kwetu yalitoka hapo hapo. Na uliomba ingine."

"Mahindi hatuleti shoo," akajibu.

Hema zima lilicheka. Hata mwamuzi alicheka, na alikuwa na shahada ya kilimo. Alijua vizuri kuliko wote kwamba udongo ni udongo. Alichojua hakikumsaidia. Akasogea kwenye chungu chenye kibandiko, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Huyu ndiye mlimsomesha mpaka chuo?" shangazi akamuuliza mama. "Pole, bana."

Nilitaka tuondoke. Mama alikataa. Alienda kusimama chini kabisa ya spika, pale sauti inapoumiza masikio, akangoja. Waliita wa tatu, akapiga makofi. Waliita wa pili, akapiga makofi. Wa kwanza alipoitwa, mama alikuwa bado ameinua uso, kana kwamba kuna nafasi nyingine iliyosahauliwa baada ya ya kwanza. Shangazi alikuwa nyuma yetu akila miwa.

Tuliporudi mezani mama aliing'oa dalia kutoka mkebeni, akaupasua ule mzizi kwa mikono, akamnyooshea shangazi kipande kikubwa kikidondoka udongo.

"Hii ni yako."

"Mimi siguzi hiyo kitu."

"Ni ndugu yako. Si umesema mwenyewe? Mbebe."

Shangazi alirudi nyuma, akagonga meza, chungu kikaanguka. Mama alimfuata.

"Ulikuja kumzika ukaondoka kabla ya chai. Hujawahi kung'oa hata nyasi pale. Mbebe, mulamwa. Mbebe mpaka Bungoma."

Watu walicheka tena, na safari hii walikuwa wakimcheka yeye. Shangazi alitazama viatu vyake vilivyojaa udongo, akalia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya maua. Sikumhurumia. Nilifungua mdomo nimuulize analia kwa ajili ya nani, ndugu yake au viatu.

Mama alinikanyaga mguu kwa nguvu zake zote.